Niache chaki nikasome muziki?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Nina miaka 31, nafundisha shule ya msingi huku Mbinga na ni mwalimu wa kwaya ya parokia. Kinanda nilijifunza kwa kusikiliza, sol-fa, yaani nota za do, re, mi, nilifundishwa na marehemu baba. Nimetunga nyimbo kama arobaini na zinaimbwa, lakini nikiletewa nota za mistari natafuta mlango wa kutokea. Marafiki wananiambia niache kazi nikasome muziki moja kwa moja. Mke wangu anauliza kama watoto watakula nota. Je, nimechelewa? Na hao wanamuziki wakubwa wa kanisa waliishije?

JIBU: Milele amina, mwalimu mwenzangu. Katika maswali yako yote, la mama watoto ndilo zito zaidi, kwa hiyo tuanzie jikoni, nota zitafuata.

Ukitaja mwanamuziki mkubwa wa kanisa, watu humwaza mzee mwenye nywele nyeupe, kinanda cha mabomba mbele yake, mishumaa inawaka na malaika wanamnong'oneza sikioni. Sasa twende Leipzig, Ujerumani, mwaka 1723. Johann Sebastian Bach, mwenye miaka 38, amepata kazi. Baraza la mji limemwajiri shuleni, Shule ya Mtakatifu Thomas, awafundishe wavulana kuimba, asimamie muziki wa makanisa makuu ya mji, na juu ya hayo afundishe Kilatini. Hicho Kilatini alimlipa mwalimu mwenzake amshikie vipindi. Wala hakuwa chaguo la kwanza la waajiri. Watunzi wenzake Telemann na Graupner walikuwa mbele yake, na wote wawili hawakupatikana.

Mwaka 1730 akamwandikia rafiki yake wa ujana kulalamika. Kipato chake, anasema, ni kama taler 700 (fedha ya Wajerumani wakati ule) kwa mwaka, na hutegemea sana mazishi na harusi. Watu wakifa wengi kuliko kawaida, kipato kinapanda; hewa ikiwa nzuri kinashuka, na mwaka uliotangulia hewa ya Leipzig ilikuwa nzuri mno hata akapungukiwa zaidi ya taler 100 za mazishi. Kila nikiisoma habari hiyo nakumbuka kwaya zetu na ile nauli ya msibani. Mwaka huohuo aliliandikia baraza taarifa juu ya wanafunzi wake. Wako 54, akasema: 17 wanaweza kuimba, 20 bado, na 17 hawafai kabisa. Mwalimu yeyote wa kwaya wa kwetu angeweza kuandika taarifa hiyo Jumatatu asubuhi, akabadilisha tarakimu tu.

Nakueleza haya ili uone kwamba shule ndiyo iliyomlipa Bach, na shule hiyohiyo ndiyo iliyompa sauti za kuimba alichotunga. Kwa karne nyingi muziki wa kanisa umekula kwenye sahani ya ualimu. Luther mwenyewe alikuwa akisema kwamba mwalimu wa shule asiyejua kuimba yeye hamtazami. Hata huku kwetu mambo yalikwenda hivyohivyo. Wamisionari wa Kibenediktini walipoanza Peramiho mwaka 1898, na wengineo kwingineko, mwalimu wa shule ya kijijini ndiye aliyekuwa katekista, ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo tunayosimama kuiimba Watanzania, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na nota zake alikuwa akiziandika kwa sol-fa, kama baba yako. Kwa hiyo usiitazame chaki kama kikwazo kilichokuzuia kuwa mwanamuziki. Wewe umeingilia mlango uleule walioingilia wao.

Ila mtu unayepaswa kumjua vizuri si Bach. Ni Anton Bruckner, na ningependa umjue kwa kituo.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1824 katika kijiji cha Ansfelden, Austria. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na babu yake vilevile. Mwalimu wa kijiji katika nchi ile alikuwa pia mpiga kinanda wa parokia, mwimbishaji na mpiga kengele. Baba akafariki mwaka 1837, na mama akampeleka mtoto kwenye monasteri ya Mtakatifu Florian akaimbe katika kwaya ya wavulana. Baadaye akasoma kozi ya ualimu Linz, na mwaka 1841, akiwa na miaka 17, akapangiwa kuwa mwalimu msaidizi huko Windhaag. Kituo kigumu, ndugu yangu. Kulipopambazuka alikuwa tayari ameshapiga kengele, mchana darasani, na baada ya hapo mwalimu mkuu alikuwa akimpeleka shambani, hata kumwaga samadi. Ili apate chochote mfukoni alipiga fidla kwenye ngoma za harusi za wanakijiji. Mwaka 1843 akahamishiwa Kronstorf, na kutoka huko akawa anakwenda mji wa jirani wa Enns kujifunza kwa mpiga kinanda mmoja mzoefu. Mwaka 1845 akarudi Mtakatifu Florian, bado mwalimu msaidizi, akakaa miaka kumi. Alikwisha kutunga Misa nzima na Misa ya wafu, na watu walimsifu. Kama wewe na arobaini zako.

Hapa ndipo ninapotaka uvute kiti. Mwaka 1855, akiwa na miaka 30, mwezi mmoja na kitu kabla ya kutimiza 31, alichukua Misa aliyoitunga akaenda nayo Vienna kwa profesa Simon Sechter. Huyu alikuwa bingwa wa nadharia; mtunzi mashuhuri Schubert mwenyewe alimwendea kujifunza wiki chache kabla ya kufa mwaka 1828. Mtu ambaye Misa zake zinaimbwa na kupigiwa makofi akaomba afundishwe upya tangu mwanzo. Sechter akampokea. Mwishoni mwa mwaka huo akapata kazi ya mpiga kinanda wa kanisa kuu la Linz, kwa hiyo hakuhamia Vienna hata kidogo. Alisoma kwa posta. Alikuwa akifanya mazoezi, anayafunga, anayatuma, yanarudi yamesahihishwa. Wakati wa Majilio na Kwaresima, kinanda kanisani kikiwa kimya, aliomba ruhusa akaenda kukaa kwa mwalimu wake wiki kadhaa ana kwa ana. Alifanya hivyo miaka sita. Safari moja alituma daftari 17 za mazoezi kwa mpigo, mpaka Sechter akamwandikia kumsihi apumzike asije akajiumiza, akamwambia hajapata kuwa na mwanafunzi mwenye bidii kama yeye.

Sechter alikuwa na sharti moja: wakati wa masomo usitunge chochote cha kwako. Bruckner akatii. Miaka ile sita karibu hakuna alichotunga. Hapa mimi na Sechter hatupatani. Mwalimu wa kwaya ya parokia hawezi kuwaambia waumini kwamba Noeli hii hakuna wimbo mpya kwa sababu yuko masomoni; watamtafutia mbadala kabla ya Epifania. Hata hivyo kuna kitu ndani ya sharti lile ambacho kitakufaa. Watunzi wetu wengi tunakimbilia wimbo wa arobaini na moja kabla hatujaona kasoro za ule wa kwanza. Chukua Kwaresima moja tu, usitunge. Rudi kwenye wimbo wako wa kwanza kabisa na uupange sauti nne upya.

Novemba 1861 Bruckner akatahiniwa Vienna mbele ya jopo la wakubwa. Wakampa mada, akaketi kwenye kinanda, akaijenga papo hapo. Mmoja wa watahini, Johann Herbeck, alisema Bruckner ndiye angewatahini wao. Umri wake miaka 37. Ungedhani sasa angepumzika. Alimwendea Otto Kitzler, mwongozaji wa muziki katika jumba la maonyesho la Linz, kijana aliyekuwa mdogo kwa Bruckner kwa miaka kama kumi, akajifunza kwake kupanga okestra hadi 1863. Sijui kama kwetu mwalimu wa kwaya mwenye cheti angekubali kuketi mbele ya kijana wa jana. Mimi nilipokuwa na umri wako nilikataa, na nikapoteza miaka minne hivi kwa kiburi kile.

Sasa turudi kwa mama watoto. Mwaka 1867 Sechter alifariki, na mwaka uliofuata Bruckner akaitwa kushika nafasi yake katika chuo cha muziki cha Vienna. Heshima kubwa, lakini hakuruka upofu. Alihangaikia mshahara na kiinua mgongo kama mtumishi mwingine yeyote, akamwomba askofu wa Linz amhifadhie nafasi yake ya kanisa kuu endapo mambo ya Vienna yangekwenda mrama. Askofu akakubali. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu Mwaustria asiyejua neno la Kiswahili alilifuata kwa herufi. Akafundisha Vienna zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1877 aliongoza simfonia yake ya tatu na wasikilizaji wakatoka ukumbini mmoja mmoja hadi wakabaki wachache. Sifa yake kubwa ilianzia Leipzig, mji uleule wa Bach, tarehe 30 Desemba 1884, ilipopigwa simfonia yake ya saba. Alikuwa na miaka 60. Alipofariki mwaka 1896 walimrudisha Mtakatifu Florian wakamzika chini ya kinanda, kama alivyoagiza.

Kwa hiyo hapana, hujachelewa. Na kazi usiiache kwa sasa. Hao marafiki wanaokushauri uache, muulize kila mmoja atakuchangia debe ngapi za mahindi kwa mwaka.

Lakini kuna jambo moja ambalo Bruckner hawezi kukufundisha, kwa sababu yeye alitunga kwa Kilatini na lugha ile ilikwisha kuzoeana na tuni zake kwa zaidi ya miaka elfu. Sisi tuna Kiswahili, na hapa ningekupeleka Ghana kwa Ephraim Amu.

Amu alizaliwa mwaka 1899 huko Peki-Avetile. Shuleni alivutiwa na mwalimu wake alivyopiga kinanda wakati wa sadaka, akaomba afundishwe. Ada yake ilikuwa jembe: Jumamosi asubuhi analima shamba la mwalimu, alasiri anafundishwa. Naye akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1926 akaenda kufundisha katika chuo cha ualimu cha Wapresbiteri, Akropong. Alichogundua ni kwamba nyimbo za Kizungu zilizotafsiriwa zilikuwa zinavuruga maneno. Lugha za Waakan na Waewe ni za toni; sauti ikipanda au kushuka, maana inageuka. Kwa Kiakan neno papa, kulingana na sauti inavyokwenda, laweza kuwa wema, baba au upepeo. (Kwetu papa ni samaki, na kwa Wakatoliki ni Baba Mtakatifu, lakini sisi tunatofautisha kwa kutazama muktadha.) Ukilitia neno la namna hiyo katika tuni iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza, unaweza ukamsifu upepeo badala ya Baba. Amu akaanza kutunga nyimbo ambazo tuni inafuata mwendo wa maneno yanavyosemwa, akaleta ngoma na filimbi za mianzi. Kisha akasimama kuhubiri kanisani amevaa nguo ya kienyeji badala ya suti. Wakuu wa kanisa hawakupendezwa, na mwaka 1933 akapoteza kazi ya Akropong. Akaenda kufundisha Achimota, na mwaka 1937 akasafiri London kusoma katika chuo cha kifalme cha muziki. Unaona naye aliketi darasani upya akiwa na miaka 38. Alifariki 1995, na picha yake ikaja kuwekwa kwenye noti ya Ghana ya cedi 20,000.

Kiswahili si lugha ya toni, lakini kina mkazo, na mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahali unapohama, maana huhama nao. Ukisema barabara ukakazia silabi ya tatu, *ba*, ni njia ya magari. Ukikazia silabi ya pili, *ra*, ni sawasawa kabisa. Walakini ukiikazia *la* ni lakini. Ukiikazia *ki* ni kasoro. Sasa chukua nyimbo zako arobaini, ziimbe huku ukipiga mguu, usikilize pigo zito linaangukia wapi. Nakuhakikishia utakuta mahali waimbaji wako wanaimba mu-NGU badala ya MU-ngu, upe-NDO badala ya u-PE-ndo, na hakuna aliyewahi kukwambia kwa sababu masikio yetu yamezoeshwa hivyo na tafsiri za zamani. Mambo haya hayahitaji chuo. Yanahitaji mwalimu wa Kiswahili, na wewe unafundisha shule ya msingi, unalijua somo hili kuliko maprofesa wengi wa muziki.

Kanisa letu lenyewe lilikwisha kulisema. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya mwaka 1963, katika kifungu cha 119 inataka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake na ukuzwe, shuleni na katika ibada. Shule na ibada zimetajwa pamoja. Mwaka huohuo padre Mtanzania, Stephan Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Wabantu.

Kuhusu hizo nota za mistari unazozikimbia, acha kuzikimbia, maana nusu ya kazi umeshaifanya. Anayejua sol-fa anajua uhusiano wa sauti, na mistari ni picha tu ya uhusiano ule. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so zitakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so zitakuwa kwenye nafasi. Kuijua do iko wapi, tazama alama mwanzoni: kama ni shapu (♯), ile ya mwisho kulia ndiyo ti, panda hatua moja umefika do, kama ni flati (♭), ile ya mwisho ndiyo fa, hesabu kushuka. Anza na nyimbo zako mwenyewe, kwa kuwa unajua zinavyosikika, jicho litafuata sikio. Wimbo mmoja kwa wiki, kwa mkono. Ukishazoea, tafuta kolari za Bach, yaani nyimbo za ibada za Kilutheri alizozipanga kwa sauti nne, zipo zaidi ya mia tatu, unakili moja moja. Mimi nilijifunzia kwa taa ya chemli, nikinakili kitabu cha kuazima kilichotakiwa kurudi baada ya mwezi, na hadi leo kurasa zile naziona nikifumba macho. Ukinakili, tazama besi na soprano zinavyokwepa kutembea bega kwa bega kwa umbali wa nane au wa tano. Halafu rudi kwenye nyimbo zako. Utacheka, kisha utaona aibu kidogo, kisha utarekebisha.

Baadaye, ukitaka karatasi, kuna mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ya daraja la 1 hadi la 8, ambayo mtu anaiandalia huku akiwa kazini. Jua tu kwamba kabla ya kupanda madaraja ya 6 hadi 8 ya upigaji utadaiwa nadharia ya daraja la 5 au mtihani unaolingana nayo. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River, Arusha, kinafundisha muziki. Ukivutiwa zaidi na ngoma na sanaa za jukwaani, iko TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapo ndipo utakapomwandikia mwajiri wako kuomba ruhusa ya masomo. Ruhusa, sikusema kuacha kazi.

Na parokia nayo uketi nayo. Nilifundisha kwaya ya parokia moja miaka mitano, malipo yangu yakiwa "Mungu akubariki" na jogoo wa Pasaka. Sikuomba, kwa hiyo siwalaumu sana, ingawa jogoo wa mwaka wa nne alikuwa mgonjwa. Wewe omba mapema, mbele ya Baba Paroko na halmashauri, na liandikwe: nauli ya mazoezi, fedha ya kununulia nota, na ruhusa ya kukosekana wiki mbili kwa mwaka uende kwa mtu anayekuzidi. Hiyo ya tatu ndiyo wengi husahau kuomba.

Majilio yakianza, nitumie ule wimbo wako wa kwanza, uliopangwa upya, kwa nota za mistari. Andika kwa penseli, ili nami nipate pa kufutia.